Kona ya Fundi: Onyeshwa Kwanza Kilichokufa

Tangu mwaka uanze, barua nyingi zinazoingia kwenye kona hii zinauliza jambo moja: fundi amekuja, ametazama, amesema AC zibadilishwe zote, je, nitoe pesa? Nimechagua barua nne. Ya kwanza inachukua nafasi kubwa kwa sababu sikuishia kuisoma. Nilikwenda nikaona kwa macho yangu.

TABATA, DAR ES SALAAM

"Fundi, habari za kazi. Mimi ni mwalimu mstaafu. Marehemu mume wangu alifunga AC tatu hapa nyumbani mwaka 2011: ya BTU 24,000 (BTU ni kipimo cha nguvu ya kupoza) sebuleni na mbili za BTU 12,000 vyumbani. Mwezi uliopita ya sebuleni ilizima ghafla ikatoa harufu ya kuungua. Ya chumbani kwangu inawaka lakini inatoa upepo wa kawaida tu. Ya wajukuu inapoza kwa shida, na kila baada ya miezi minne inajazwa gesi. Fundi aliyekuja amesema gesi ya R22 haipo tena duniani, kwa hiyo lazima nibadilishe zote, na ameniandikia shilingi 6,800,000. Pesa ninayo, ni kiinua mgongo kilichobaki, ila niliiweka kwa ajili ya ada ya mjukuu. Nifanyeje?"

Shikamoo Mwalimu. Tabata iko njiani kwangu ninaporudi nyumbani, na hiyo ada ya mjukuu ilinikaa moyoni. Ndiyo maana nilikupigia simu, na Jumamosi ile nikaja na begi la vifaa. Umeniruhusu niandike tulichokiona bila kutaja jina, nami nakushukuru, maana wapo wengi wenye karatasi kama yako mkononi.

Tulianza chumbani kwako. Kipande cha ndani kilikuwa kinapuliza vizuri na filta ni safi. Nikapanda ngazi kwenye mashine ya nje. Feni inazunguka, lakini kompresa, ile pampu inayosukuma gesi, inanguruma kama gari lenye betri dhaifu, sekunde tano au sita hivi, kisha "tak", kimya. Baada ya dakika tatu inajaribu tena. Nikazima umeme, nikafungua kifuniko, nikaikuta kapasita, kile kikopo cha aluminiamu kinachoipa kompresa nguvu ya kuanza kuzunguka. Juu yake panatakiwa pawe bapa. Ya kwako ilikuwa imevimba kama kopo la nyanya lililochacha. Ubavuni imeandikwa maikrofaradi 35. Mita yangu ilisoma 17. Nilikuwa na nyingine kwenye begi, shilingi 25,000. Robo saa baadaye ulikuwa umesimama chini ya AC umeinua uso, unasema baridi hii huijui tangu Desemba. Hiyo ndiyo AC iliyoandikwa kwenye karatasi kwamba imekufa.

Tukaenda chumba cha wajukuu, na hapa naomba kila msomaji asome polepole. AC haili gesi. Gesi yake haitumiki ikaisha kama petroli ya gari au mtungi wa jikoni. Inazunguka ndani ya mabomba yaliyofungwa, inaingia ndani kuchukua joto, inatoka nje kulimwaga, inarudi, miaka nenda rudi, kama damu mwilini. Mtu akipungukiwa damu hatumwongezei tu tukamwacha aende, tunatafuta jeraha. Mwalimu, kwa miaka miwili umelipa 80,000 mara tatu kila mwaka. Hizo ni 480,000 zilizokwenda hewani, na wala si kwa mfano wa maneno, zimekwenda hewani kweli, maana R22 ikitoka inapanda kwenda kuharibu tabaka la ozoni. Hakuna hata fundi mmoja kati ya wote waliokuja aliyechukua sabuni.

Nilichanganya sabuni ya unga na maji kwenye kikombe chako cha plastiki, nikapaka kwa brashi kwenye nati mbili zilizo nyuma ya mashine ya nje. Ile ndogo haikutoa kitu. Ile kubwa, baada ya kama dakika moja, ilianza kutoa povu moja dogo, likakua taratibu mpaka likawa kama jicho la changu, likapasuka, likaanza lingine. Tumeliona wote wawili. Mdomo wa bomba ulikuwa umepasuka ufa mwembamba kama unywele. Nilikata kipande kidogo, nikautanua upya, nikabana, nikapiga vakyumu, yaani kunyonya hewa yote iliyomo, kisha nikajaza gesi kwa kuipima kwenye mizani hadi gramu zilizoandikwa kwenye bamba la mashine. Kazi nzima 130,000. Fundi anayejaza gesi kwa kukisia, akigusa bomba na kusema "sasa imepoa", anakuachia nusu ya tatizo.

Kuhusu R22 kutokuwepo duniani: huo ni ukweli uliokunjwa. Mwaka 1987 nchi zilikubaliana kule Montreal kuondoa kemikali zinazokula ozoni, na baadaye R22 ikaongezwa kwenye orodha. Nchi tajiri zilitangulia. Marekani, kwa mfano, ilisimamisha kuitengeneza na kuiingiza tarehe 1 Januari 2020. Sisi nchi zinazoendelea tumepewa ngazi za kushuka: kupunguza asilimia 10 mwaka 2015, asilimia 35 mwaka 2020, asilimia 67.5 mwaka 2025, na ifikapo 2030 kibaki kijisehemu kidogo cha kuhudumia mashine za zamani. Kwa hiyo inapungua, inapanda bei, na usinunue kamwe AC mpya ya R22 hata ukipewa kwa bei ya kutupwa. Lakini AC nzima ambayo haivuji haihitaji gramu hata moja ya ziada. Kuing'oa kwa sababu ya jina la gesi iliyo ndani yake ni kutupa chakula kwa sababu sufuria imepitwa na wakati.

Sasa sebuleni. Hapa fundi wako alisema kweli. Nilipima nyaya za ndani ya kompresa, nikakuta zimegusana na bodi lake, imeungua. Kompresa mpya ya ukubwa ule, pamoja na kusafisha mabomba yaliyojaa masizi na asidi, gesi na ufundi, inakaribia nusu ya bei ya AC mpya. Mimi nina kipimo changu: mashine ikiwa imepita miaka kumi na tengenezo linagusa nusu ya bei ya mpya, naiaga. Ya kwako ina miaka 15. Ilifanya kazi yake.

Ila usinunue 24,000 tena. Tulipima sebule kwa futi yangu: meta 6 kwa 4, meta za mraba 24, na dari ipo. Kwa nyumba ya Dar yenye dari mimi hukadiria BTU 600 kwa kila meta ya mraba. Hiyo ni 14,400, kwa hiyo 18,000 inatosha na kubaki, hata wageni wakijaa. Watu hudhani kubwa ndiyo bora. AC kubwa kupita chumba inapoza haraka, inazima kabla haijatoa unyevu, na unyevu ndio adui yetu hapa pwani. Unabaki na chumba cha baridi chenye mito na mapazia yaliyolowa kwa mbali, na kompresa inayowaka na kuzima usiku kucha.

Hizi ni bei nilizozikuta Kariakoo wiki hii. AC ya BTU 18,000 ya inveta, gesi ya R32, 1,650,000. Mabomba ya kopa meta 5 kwa 28,000, ni 140,000. Usikubali yale ya zamani yatumike tena, yana mafuta ya mfumo wa zamani na masizi ya kompresa iliyoungua, na mdomo wake haukukusudiwa kubeba presha ya gesi ya sasa. Waya mpya na breka yake peke yake, 85,000. Vishikio vya chuma 40,000. Bomba la maji na tepu 25,000. Ufundi 130,000. Jumla 2,070,000. Ongeza kapasita na ufundi wake 45,000, uvujaji 130,000, na sevisi ya zile mbili za vyumbani 80,000. Unafika 2,325,000. Kutoka 6,800,000 hapo umebakiwa na 4,475,000, na ada ya mjukuu imo humo.

Umeme nao utauona. Ile ya zamani ilipokuwa inazunguka ilikuwa inakula kama kilowati 2.3. Saa nne za jioni, kuanzia taarifa ya habari mpaka mnapolala, ni uniti 9 hivi. Inveta ya 18,000 inaanza kwa nguvu, chumba kikipoa inapunguza mwendo badala ya kuzima na kuwaka. Kwa saa zilezile tegemea uniti 4 au 5. Ukinunua umeme wa 10,000 unapata kama uniti 28, kwa hiyo kila jioni unaokoa kama shilingi 1,500. Msiniamini kwa maneno. Someni luku jioni taarifa ya habari inapoanza na usiku mnapolala, siku moja AC ikiwa imezimwa, siku ya pili ikiwa inawaka, vitu vingine vyote vikiwa vilevile. Tofauti ndiyo AC yenu inachokula. Nimewapa zoezi hilo wateja wengi, na wapo waliogundua kwamba mwizi wa umeme alikuwa friji la zamani kule jikoni.

Jambo moja nakusihi, Mwalimu, uwepo siku ya kufunga, uketi kwenye kiti, uangalie pampu ya vakyumu. Mabomba mapya yakishaungwa yana hewa na unyevu ndani. Lazima vinyonywe kabla gesi haijafunguliwa. Pampu inawashwa, mshale wa geji unashuka chini ya sifuri mpaka mwisho, unaachwa nusu saa. Kisha vali inafungwa, pampu inazimwa, na mnautazama mshale kwa dakika kumi. Ukikaa palepale, hakuna uvujaji. Ukipanda, mahali fulani panavuja na gesi isifunguliwe. Wapo wanaofungua gesi kidogo, "fyuu", wanasema imesukuma hewa nje, kazi imekwisha. Msimamishe hapohapo.

Naandika haya nikiwa na deni. Mwaka 2012 nilimfungia shangazi yangu wa Temeke AC, pampu yangu ilikuwa imeharibika, jua linazama, na yeye alikuwa na shughuli ya binti yake kesho yake. Nikafanya hiyo "fyuu". AC ilipoza vizuri miezi 14. Kisha kompresa ikafa, na nilipoifungua mafuta yake yalikuwa meusi yananuka kama siki; unyevu nilioufungia ndani ulikuwa umegeuka asidi. Alinunua ile AC kwa pesa ya kikoba cha mwaka mzima. Hakunigombeza. Nilimlipa polepole kwa miezi minane, na tangu siku hiyo sijafunga AC bila pampu, hata kama mteja analia joto.

Hizo mbili za vyumbani zitakufikisha mbele kidogo, labda miaka mitatu, labda minne. Anza kuweka 40,000 kila mwezi kwa ajili yake, na zikifa, ununue za BTU 9,000, si 12,000. Vyumba vyenu ni meta tatu na nusu kwa tatu na nusu.

MOMBASA

"Fundi, nyumba yetu iko Nyali, tunaona bahari kutoka barazani. Hii ni AC ya pili kuoza mashine ya nje ndani ya miaka minne. Mapezi yanamomonyoka ukiyagusa kwa kidole. Nimeambiwa ninunue ya bei ghali zaidi ndiyo itadumu. Ni kweli?"

Nusu kweli, kaka. Chumvi ya bahari ikikaa kwenye koili, yaani yale mabomba yenye mapezi, penye kopa na aluminiamu zinazogusana, aluminiamu inaliwa kwanza. Ukitoa pesa zaidi, zitoe kwa kitu kimoja: koili iliyopakwa kinga, ile yenye mapezi ya rangi ya buluu au ya dhahabu. Muulize muuzaji akufungulie boksi ulione, usiuziwe mbuzi kwenye gunia. Sehemu nyingine za bei ghali, taa za rangi na rimoti ya kuongea na simu, hazizuii chumvi.

Lakini kabla ya kununua, niambie mashine ya nje iko upande gani wa nyumba. Nadhani iko upande wa bahari, kwa sababu huko ndiko waya ulikuwa karibu. Kwenu kaskazi inaingia kutoka baharini kuanzia Desemba mpaka Machi, na kusi ikianza Aprili nayo inatoka baharini. Kwa hiyo mwaka mzima mashine hiyo inapigwa na mvuke wa chumvi usoni, misimu yote miwili. Ihamishie nyuma ya nyumba, upande wa bara, ukuta uikinge. Upande huo una jua la alasiri, ndiyo, kwa hiyo iwekee kijipaa juu, lakini usiibane. Iache nafasi ya kupumua mbele na pembeni. Meta nne au tano za kopa za ziada zitakugharimu sehemu ndogo ya bei ya AC ya tatu.

Na kila wiki mbili mwagia koili maji ya bomba, matamu, kwa mpira wa bustani, umeme ukiwa umezimwa. Si ya kisima chenye chumvi, maana hapo utakuwa unaongeza ugonjwa. Wala usitumie ile mashine ya kuoshea magari. Inalaza mapezi yote na hewa haipiti tena. Mzee mmoja wa Bagamoyo niliyemfungia 2014 anafanya hivyo kila Ijumaa kabla ya kwenda msikitini, na mashine yake bado inafanya kazi.

COLUMBUS, OHIO

"Ndugu fundi, sisi ni familia ya Goma, tumenunua nyumba ya kwanza hapa Marekani. Chini kuna tanuru la gesi la kupashia nyumba joto, la mwaka 1998, na AC ya nje ya mwaka 2006. Fundi wa kampuni alikuja kusafisha, akasema tanuru limepasuka ndani, akazima gesi, akaweka karatasi nyekundu. Jioni ileile akaja mtu wa mauzo na hesabu ya dola 17,800 kwa tanuru na AC pamoja, mkopo wa miaka kumi kwa riba ya asilimia 9.99, tusaini usiku huo. Nje ni baridi ya barafu na tuna mtoto wa miezi mitano."

Ndugu yangu, poleni sana. Mimi sijawahi kufunga tanuru, kwa hiyo barua yako nimeisoma pamoja na mdogo wangu ambaye ni fundi huko Marekani mwaka wa kumi na moja sasa. Haya ni yake na yangu kwa pamoja.

La kwanza halihusu pesa. Tanuru likipasuka kile kikasha cha chuma kinachotenganisha moto na hewa ya nyumba, gesi ya kaboni monoksidi inaweza kuingia vyumbani. Haina harufu wala rangi, na inaua watu wakiwa usingizini. Kwa hiyo msiliwashe kwa sababu ya kunikasirikia mimi au yule muuzaji. Leo hii nunueni kengele za kaboni monoksidi, moja kwa kila ghorofa, karibu na mnapolala. Hazifiki bei ya kuwatia umasikini. Mpate hita za umeme za kuwavusha siku mbili tatu, kila moja kwenye soketi yake ukutani, mbali na mapazia, na mtoto alale chumba kimoja na ninyi. Msipike kwa nia ya kupasha nyumba, wala msiingize jiko la nyama choma ndani.

La pili, ufa huwa upo kweli, na huwa pia unasemwa pasipokuwepo. Tanuru la 1998 limeshapita umri ambao mengi huishi, yaani miaka 15 hadi 20, kwa hiyo fundi anaweza kuwa mkweli. Lakini muombe picha ya ufa na kipimo alichosoma. Kisha iteni kampuni nyingine mbili, na msiwaambie ya kwanza ilisema nini. Mdogo wangu anasema anayekuja na kamera ndogo ya waya na kukuonyesha kwenye skrini ndiye wa kumsikiliza. Anayekataa kukuonyesha, mshukuru na umfungulie mlango.

Na ule mkopo, nimeupigia hesabu kwenye daftari. Dola 17,800 kwa riba ya 9.99 kwa miezi 120 ni karibu dola 235 kwa mwezi. Mwisho wake mtakuwa mmelipa kama dola 28,200. Hizo zaidi ya elfu kumi za juu ndizo sababu ya kalamu kuletwa usiku huohuo.

Ombeni hesabu mbili tofauti: ya tanuru peke yake, na ya tanuru na AC. Kuna sababu ya kuvibadilisha pamoja, kwa kuwa koili ya AC hukaa juu ya tanuru na fundi akishafungua hapo kazi inakuwa moja. AC ya 2006 kwa kawaida ni ya R22, ambayo huko ikivuja mnalipa ghali kuliko sisi. Lakini Januari hamuihitaji AC. Mkiwa hamna pesa, tanuru sasa, AC mwezi wa tano, na mwambieni fundi wa tanuru aache nafasi ya koili mpya. Mashine mpya za huko zinatumia gesi za R32 au R454B, kwa hiyo koili ya zamani na mashine mpya haviendi pamoja.

Muulizeni pia kila mmoja amepimaje ukubwa. Neno wanalolijua ni Manual J, hesabu ya joto inayoangalia madirisha, kuta na dari ya nyumba yenu. Anayesoma tu bamba la tanuru la zamani na kuandika ukubwa uleule hajapima kitu. Matanuru ya kawaida yanawapa asilimia 80 ya gesi mnayoilipia, senti 20 za kila dola zinatoka na moshi. Yale bora yanafika 95 na zaidi. Kwa baridi ya Ohio tofauti hiyo inarudisha pesa yake.

Muuzaji akiwaambia serikali kuu itawarudishia asilimia 30 kwenye kodi, muulizeni kwa sheria ipi: nafuu ile ilikoma kwa vitu vilivyofungwa baada ya tarehe 31 Desemba 2025. Msaada wa kuuliza ni mwingine. Jimbo la Ohio lina mpango wa HEAP kwa familia za kipato cha chini, nao una upande wa dharura wa majira ya baridi, na kuna mpango wa kuziba na kuhami nyumba, Weatherization, ambao wakati mwingine hugusa hata tanuru. Pigeni simu kesho asubuhi, semeni kwanza kabisa kwamba kuna mtoto wa miezi mitano na nyumba haina joto. Mkihitaji mkalimani wa Kiswahili, ombeni.

NJOMBE

"Shikamoo fundi. Huku Juni na Julai baridi inauma, na mwaka huu tutakuwa na mtoto mchanga. Mume wangu anataka tununue hita ya umeme, mama mkwe anasema jiko la mkaa chumbani linatosha kama zamani. Nimesikia AC nazo zinatoa joto. Ipi ni nafuu?"

Marahaba mwanangu, na hongera. Zipo AC za baridi na joto, zinageuza mwendo wa gesi: badala ya kutoa joto ndani na kulimwaga nje, zinalichota nje na kulileta ndani. Hata hewa ya Njombe asubuhi ya Julai ina joto la kuchota. Hita ya kilowati 2 kwa saa tatu inakula uniti 6, zaidi ya shilingi 2,000. AC ya aina hiyo inaleta joto lilelile kwa uniti 2 hivi, shilingi 700 na kitu, kwa sababu umeme wake unasukuma joto, haulitengenezi. Kuifunga ni ghali, kama 1,300,000 kwa BTU 9,000 mpaka ikae ukutani, na hakikisha kwenye boksi kumeandikwa baridi na joto, maana nyingi zinazouzwa Dar ni za baridi tu. Kama pesa hiyo haipo, hita iwashwe nusu saa kabla ya kulala, zibeni upepo chini ya mlango, na wekeni dari kama hamna. Dari kwanza, hita baadaye.

Mama mkwe mwambie kwa heshima, na umsomee hapa: gesi ile niliyomweleza ndugu wa Columbus, isiyo na harufu, ndiyo hiyohiyo inayotoka kwenye mkaa ulioshika vizuri, ule usio na moshi ambao watu hudhani ni salama. Zamani nyumba zilikuwa za nyasi na matundu, ilitoka. Nyumba yenu ina bati, dari na madirisha ya vioo vinavyofungwa. Jiko liwashwe nje, maji yachemshwe, yawekwe kwenye chupa ngumu iliyofunikwa kitambaa, chupa ipashe kitanda na kuondolewa kabla mtoto hajalazwa. Jiko lenyewe libaki uani.